Shombo, Muwasho na Ute wa Njano: Kutenganisha Maambukizi ya Uke kwa Vipimo vya Maabara

Dirishani kwa maabara, neno ninalolisikia kuliko yote ni fangasi. Mama anafika na fomu, anainama kidogo ili wa nyuma yake wasisikie, anasema, "Nimeambiwa nipime fangasi." Ukimuuliza taratibu unakuta ameshachomeka vidonge mara mbili, ameshameza flukonazoli, dawa ya fangasi, ya duka la dawa, na shoga yake amempa majani ya mwarobaini ya kunawia. Hali ni ileile. Anayemfuata kwenye foleni ameambiwa ana UTI sugu. Wa tatu hajaambiwa kitu. Amepewa dawa za aina tatu kwa mpigo, ili moja ikikosa nyingine ipate.

Mara nyingi wote watatu wangepata jibu kwa kipande cha karatasi ya pH (kipimo cha ukali wa asidi), matone mawili na hadubini ileile inayotumika kupimia malaria. Ila hadubini hujibu ulichoiuliza tu, na sampuli iliyochukuliwa ovyo haijibu chochote.

Nimepanga maelezo haya kwa kufuata jinsi watu wanavyoeleza shida zao. Ni ya mwanamke anayetaka kujua anapimwa nini, na ya wenzangu wanaoanza kazi ya maabara. Dawa nimezitaja pale tu zinapoeleza kwa nini kipimo ni muhimu. Cheti cha dawa ni kazi ya daktari.

## Uke mzima ukoje

Uke una ute wake hata ukiwa na afya. Katikati ya mzunguko, yai linapokaribia kutoka, ute huvutika kama ule mweupe wa yai bichi. Hedhi inapokaribia huwa mzito na mweupe. Wakati wa ujauzito huongezeka. Ute huo hauwashi wala hauna shombo. Nimepokea mabinti walioletwa na mama zao wakiwa na hofu kubwa, tukapima, tukakuta ni ute wao wa kawaida. Kumpa binti kama huyo dawa ni kumtafutia ugonjwa.

Wenye nyumba humo ni bakteria wanaoitwa laktobasili. Daktari Mjerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza mwaka 1892. Hula sukari inayotokana na seli za ukuta wa uke na kutoa asidi laktiki, asidi ileile inayogandisha maziwa yakawa mtindi. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, asidi hiyo huweka pH kati ya 3.8 na 4.5. Laktobasili wakipungua, asidi hupungua na namba ya pH hupanda, na vimelea vingine hupata mahali pa kukaa.

Ndiyo maana kunawa kwa ndani kwa sabuni, chumvi, ndimu au maji ya magadi huleta balaa badala ya usafi. Unawafukuza wenye nyumba na kuacha mlango wazi.

## Kabla ya kulaumu maabara, angalia sampuli

Majibu mengi yasiyoeleweka huanzia hapa, na hapa nitakaa kidogo.

Usinawe kwa ndani asubuhi ya kipimo. Najua ni vigumu, kwa sababu hakuna anayependa kupanda kitanda cha uchunguzi akiwa na harufu, lakini hiyo harufu ndiyo tunayoitafuta. Usiku wa kuamkia kipimo usijamiiane, kwa sababu shahawa zina pH ya zaidi ya 7 na zitapandisha pH ya uke hata kama hauna ugonjwa. Damu ya hedhi hufanya hivyohivyo. Dawa ya kuchomeka hubaki kwenye ukuta wa uke na kuficha kila kitu: hadubini inaonyesha chembe za dawa, vimelea havionekani, na karatasi inarudi imeandikwa "hakuna kilichoonekana".

Kwa anayechukua sampuli: gusa ukuta wa pembeni wa uke, usiguse mlango wa kizazi. Ute wa mlango wa kizazi una pH inayokaribia 7, na ukiuweka kwenye karatasi utamtangaza mzima kuwa mgonjwa. Chukua swabu (vijiti vya pamba) mbili. Moja ni ya kutazamwa mbichi, ikiwa imechanganywa na tone la maji ya chumvi ya maabara. Ya pili pakaza kwenye kioo ikauke kwa ajili ya rangi ya Gram, inayowafanya bakteria waonekane na kutofautishwa. Ile mbichi isomwe ndani ya dakika 10. Iliyokauka inaweza kusubiri hata siku kadhaa, na hiyo ni faida kubwa kwa kituo ambacho msomaji mzuri wa Gram yuko wilayani.

Mimi mwenyewe dakika hizo 10 nilizijua kwa aibu. Nikiwa mafunzoni, niliandaa kioo, nikakiacha chini ya feni, nikaenda kunywa chai na chapati. Niliporudi nikaona chembe nyeupe za damu zimejaa, nikaandika "chembe nyeupe nyingi". Mkubwa wangu wa kazi hakusema neno. Alimwita yule mama, akachukua sampuli mpya, akaiweka kwenye hadubini ikiwa bado na joto la mwili, akanisogezea kiti. Zile "chembe nyeupe" zangu zilikuwa zinaogelea.

## "Nawashwa sana, na ute ni kama maziwa mgando"

Hii kweli inafanana na fangasi, yaani hamira za jamii ya Candida. Muwasho ni mkali, mashavu ya uke yamevimba na kuwa mekundu, mkojo unaunguza unapogusa ngozi ya nje, ute ni wa mabonge meupe na hauna harufu ya kutaja. Shida ni kwamba picha hii kamili haiwatokei wote, na muwasho peke yake una sababu kumi.

Marekani walichapisha mwaka 2002 utafiti wa wanawake 95 waliokuwa wamejipima wenyewe kwa kuhisi na kwenda dukani kununua dawa ya fangasi. Walipopimwa maabara, takribani mmoja kati ya watatu tu ndiye aliyekuwa na fangasi peke yake. Waliobaki walikuwa na maambukizi mengine, au mchanganyiko, au hawakuwa na ugonjwa wowote.

Maabara inathibitisha hivi. pH kwa kawaida haipandi, hubaki 4.5 au chini yake. Ikiwa muwasho upo na pH ni 5.5, fikiria kitu kingine, au fangasi iliyo pamoja na mwenzake. Kisha tone la potasiamu haidroksidi ya asilimia 10 juu ya sampuli. Kemikali hii huyeyusha seli za ngozi na chembe nyeupe lakini haiwezi ukuta wa hamira. Baada ya dakika chache kinachobaki ni vijiduara vinavyochipua na nyuzi ndefu kama matawi ya mti mkavu. Ukiziona nyuzi hizo kwa mtu anayewashwa, umemaliza.

Hadubini haionyeshi kitu lakini dalili ni zilezile. Hilo hutokea mara nyingi, maana sampuli mbichi huwakosa wagonjwa wengi wa fangasi, karibu nusu. Hatua inayofuata ni kuotesha, yaani kuikuza hamira maabara kwenye chakula chake kiitwacho Sabouraud. Kuotesha kunachukua siku moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, lakini kuna faida ya pili: unajua ni aina ipi. Candida albicans ndiyo ya kawaida, na hujitambulisha ukiiweka kwenye majimaji ya damu yenye joto la nyuzi 37, kwani ndani ya saa 2 hadi 3 huchomoza kimkia. Candida glabrata haitoi nyuzi, hivyo kwenye hadubini huonekana kama vijiduara vidogo tu na hupitwa kirahisi. Tena ni mkaidi kwa flukonazoli. Candida krusei haisikii flukonazoli kabisa. Mwanamke aliyemeza kidonge kile cha miligramu 150 mara nne bila nafuu hahitaji cha tano. Anahitaji kuoteshewa.

Vijiduara vimeonekana lakini hana dalili yoyote. Usitibu. Mwanamke 1 hadi 2 katika kila 10 hubeba Candida bila madhara yoyote. Dalili ya mvua ni mawingu, ila hapa wingu limepita tu.

Inarudi mara 3 au zaidi kwa mwaka. Pima sukari. Pima VVU. Uliza juu ya antibaiotiki zilizotumika karibuni, maana huua laktobasili na kuiachia hamira uwanja. Ikiwa mgonjwa ni mjamzito, flukonazoli ya kumeza huepukwa. Hutumika klotrimazoli ya ukeni kwa siku 7. Na jambo ambalo maduka ya dawa hayasemi: krimu na vidonge vya ukeni vya jamii hii vina mafuta yanayodhoofisha kondomu za mpira.

## "Siwashwi, lakini kuna shombo, hasa baada ya tendo"

Neno shombo linatosha kabisa hapa, na kemia inaliunga mkono. Samaki anayeanza kuoza hutoa kemikali iitwayo trimethilamini, na bakteria wanaostawi ukeni laktobasili wanapopungua hutoa kemikali hiyohiyo. Shahawa, zikiwa si za asidi, huirusha hewani. Ndiyo sababu harufu huzidi baada ya kujamiiana na wakati wa hedhi.

Hali hii wahudumu huiita BV, kifupi cha Kiingereza cha bacterial vaginosis. Si mdudu mmoja aliyeingia. Ni jamii nzima iliyopinduka: laktobasili wameondoka, wakaingia Gardnerella, Prevotella, Mobiluncus na wenzao wasiohitaji hewa. Ute huwa mwepesi, wa kijivujivu, umetandaa sawasawa kama maziwa yaliyomwagika juu ya meza. Muwasho haupo au ni kidogo.

Vipimo vyake ni rahisi mno, na ndicho kinachoniuma pale wagonjwa hawa wanapotibiwa fangasi miezi sita. Vigezo vinavyoitwa vya Amsel, vilivyochapishwa mwaka 1983, ni vinne: ute mwepesi uliotandaa, pH iliyozidi 4.5, shombo inayopanda ukidondoshea sampuli potasiamu haidroksidi ya asilimia 10, na seli kiashiria chini ya hadubini. Vitatu kati ya vinne vikitimia, ni BV.

Seli kiashiria ni seli za kawaida za ukuta wa uke ambazo bakteria wamezigandia kama pilipili manga iliyonyunyizwa juu ya yai, hadi kingo zake hazionekani vizuri. Zifike angalau 1 katika kila seli 5. Wanafunzi hukosea kwa kuhesabu seli yoyote yenye vijidoa. Tazama ukingo: ukiwa safi kama umekatwa kwa mkasi, hiyo si yenyewe.

Kwa kioo kilichokaushwa na kupakwa rangi ya Gram kuna alama za Nugent, za mwaka 1991. Msomaji anahesabu maumbo matatu ya bakteria na kutoa alama 0 hadi 10. Kuanzia 0 hadi 3 ni salama, 4 hadi 6 ni katikati, 7 hadi 10 ni BV.

Karatasi ya majibu imeandikwa "Gardnerella imeota". Usiitegemee. Gardnerella hupatikana pia kwa wanawake wengi wasio na BV, kwa hiyo kuiotesha hakuthibitishi ugonjwa. Kama kuna aliyekutoza pesa ya kuotesha ili kutafuta BV, umelipia jibu lisilosaidia.

Ni BV, lakini chembe nyeupe za damu zimejaa. Simama hapo. BV peke yake haileti uvimbe mkubwa, na chembe nyeupe huwa chache. Zikizidi idadi ya seli za ukuta wa uke, kuna mtu wa pili ndani ya nyumba. Tafuta trikomonasi, kisha mlango wa kizazi. Kanuni hii ndogo imenisaidia kuliko vitabu vingi.

Watu huuliza kama BV inafaa kutibiwa iwapo haiumi. Kwa mwenye dalili, ndiyo. Tafiti zilizofanyika Rakai nchini Uganda na Mombasa miaka ya 1990 zilionyesha kuwa wanawake wenye uke uliovurugika namna hii wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata VVU.

## "Ute ni wa njano au kijani, una povu, kuna harufu na muwasho pia"

Ukiyasikiliza maelezo haya, yamechukua kipande cha fangasi na kipande cha BV. Ndivyo trikomonasi inavyowachanganya watu. Kimelea chake, Trichomonas vaginalis, si bakteria wala fangasi. Ni kiumbe cha seli moja chenye mijeledi, kilichoonwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1836 na Alfred Donné. Kinaambukizwa kwa kujamiiana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 156 kwa mwaka 2020 pekee, kwa watu wa miaka 15 hadi 49.

Povu na rangi ya kijani havionekani kwa wengi. Wanawake wengi wenye trikomonasi hawana dalili yoyote, na wanaume ndio kabisa.

pH hupanda, mara nyingi kuzidi 5. Kipimo cha shombo kinaweza kuwa chanya, kwa hiyo vitu hivyo viwili havitenganishi trikomonasi na BV. Kinachotenganisha ni mwendo. Kwenye sampuli mbichi kimelea huonekana kikiwa na ukubwa unaokaribia chembe nyeupe ya damu au kuizidi kidogo, kikienda kwa kushtukashtuka, kikijigeuza, na mijeledi ya mbele ikipiga. Hakuna kingine ukeni kinachocheza namna hiyo. Lakini kikipoa hutulia, hujikunja kuwa duara, na hapo hakitofautiani na chembe nyeupe. Kwenye maabara zenye viyoyozi, au kwenye baridi ya Njombe mwezi wa Julai, dakika tano ni nyingi. Pasha maji ya chumvi yafikie joto la mwili kabla ya kuyachanganya na sampuli. Huko ndiko nilikoanguka mimi na chapati yangu.

Hata ukifanya kila kitu sawa, hadubini hukosa wengi. Kwa sampuli mbichi, kipimo hukamata takribani nusu hadi theluthi mbili ya walioambukizwa. Maana yake jibu la "hakuna trikomonasi" kwa hadubini ni jibu dhaifu, ilhali "ipo" ni jibu la uhakika. Kuna vipimo vya haraka vya kijiti vinavyotafuta protini ya kimelea na kutoa jibu papo hapo, na kuna vipimo vya vinasaba ambavyo hukosa mara chache sana. Mashine za GeneXpert zilizopo kwenye hospitali nyingi kwa ajili ya kifua kikuu zina katriji ya trikomonasi pia, na nyingine ya kisonono na klamidia. Kama katriji ipo au haipo mahali ulipo, uliza, kuuliza hakulipiwi.

Majibu yanasema trikomonasi imeonekana kwenye mkojo. Hilo ni jibu halali. Huonekana kwenye mashapo ya mkojo na mara nyingi hugunduliwa hivyo kwa bahati, mtu alikuja kupima kitu kingine.

Ametibiwa na imerudi. Swali la kwanza si la maabara. Je, mwenzi ametibiwa? Mwanaume asiye na dalili hukataa dawa kwa sababu haumwi, kisha humrudishia mkewe ugonjwa uleule wiki inayofuata. Kwa mwanamke, metronidazoli, ambayo wengi huiita flajili, hupewa mara mbili kwa siku kwa siku 7. Dozi ile ya mara moja ya gramu 2, iliyozoeleka sana, imeonekana kuacha wengi bila kupona.

## "Ute wa usaha, tumbo la chini linauma, nikijamiiana natoka damu"

Hapa pengine shida haiko ukeni kabisa. Iko mlango wa kizazi, na washukiwa wakuu ni kisonono na klamidia. Sampuli mbichi haitawaonyesha. Itaonyesha chembe nyeupe nyingi bila mwenyewe wa kulaumiwa, na hiyo ndiyo dalili ya kuinua kichwa kutoka kwenye hadubini.

Kwa mwanaume mwenye usaha, rangi ya Gram inaonyesha kisonono vizuri. Kwa mwanamke huwakosa wengi, na klamidia haionekani kwa Gram kwa sababu huishi ndani ya seli. Kipimo kinachofaa ni cha vinasaba, na swabu ya ukeni ambayo mwanamke amejichukulia mwenyewe chooni inatosha. Kisonono kinaweza pia kuoteshwa, hasa pale dawa zinaposhindwa na inabidi kujua ipi bado inafanya kazi.

Homa, maumivu makali ya nyonga, au mimba juu ya dalili hizi ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, majibu yawepo yasiwepo. Na damu baada ya tendo inayojirudia inataka mlango wa kizazi uangaliwe kwa macho, pamoja na uchunguzi wa saratani.

## "Nina UTI isiyopona"

Nchi hii mtu akiumwa huambiwa ana UTI na taifodi, na wengi wamekwishazoea. Tazama karatasi ya mkojo wako. Ikiwa imeandikwa chembe nyeupe zipo, naitraiti (kemikali ambayo bakteria wengi wa UTI huitengeneza kwenye mkojo) hakuna, na seli za ngozi nyingi, kuna uwezekano mkubwa mkojo umechanganyika na ute wa uke wakati wa kukojoa. Chembe nyeupe zimetoka ukeni, kibofu hakihusiki.

Jaribu hivi: nawa nje kwa maji tu, tenganisha mashavu ya uke, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Ukirudi safi, shida si ya njia ya mkojo. Jiulize pia unaunguza wapi. Mwenye UTI huunguzwa kwa ndani na hukojoa kidogokidogo kila mara. Mwenye fangasi huunguzwa mkojo ukigusa ngozi ya nje. Ni swali la sekunde kumi ambalo halina bei.

## Usisahau kichocho

Wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria wajihadhari, lakini wa Unguja na Pemba, bonde la Tana na mashamba ya mpunga ndio wanaohusika zaidi na aina ninayoisema, Schistosoma haematobium. Mayai yake hayakai kwenye kibofu tu. Hunasa pia kwenye ukuta wa uke na mlango wa kizazi, yakaleta ute, muwasho, maumivu na damu baada ya tendo. Mwanamke huyu hutibiwa magonjwa ya zinaa miaka nenda rudi, ndoa inatikisika, kumbe aliupata kwenye maji ya kuoga na kufua utotoni.

Mkojo wa kutafuta mayai ukusanywe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati yanapotoka kwa wingi. Ukikosa mayai, ugonjwa wa sehemu za siri unaweza bado kuwepo. Mtaalamu akitazama kwa kifaa cha kukuza huona madoa kama punje za mchanga. Dawa ni prazikwanteli, na haina uhusiano wowote na flajili.

## "Vipimo vyote viko safi, bado nawashwa"

Hapo acha kutafuta mdudu. Sabuni yenye manukato, pedi zenye harufu, sabuni ya unga iliyobaki kwenye chupi na hata kondomu huleta mzio. Baada ya kukoma hedhi, au wakati wa kunyonyesha, homoni ya estrojeni hushuka, ukuta wa uke hukonda, pH hupanda na muwasho hufuata bila maambukizi yoyote. Ukipima pH kwa mama wa miaka 60 usiitafsiri kama ya binti wa 25. Mabaka meupe yanayokunja ngozi ya nje ni kazi ya daktari wa ngozi au wa wanawake. Na harufu kali ya ghafla, mbaya kuliko shombo, inataka kutazamwa ndani: pamba iliyosahaulika, au kipande cha kondomu.

## "Nilipona, imerudi"

Kwa BV, kurudi ndiyo tabia yake. Zaidi ya nusu ya waliotibiwa huipata tena ndani ya mwaka. Kwa miaka mingi tuliwaambia wanawake kwamba mwenzi hana haja ya dawa. Mwezi Machi 2025 ulichapishwa utafiti wa Australia uliogeuza ushauri huo: wanaume walipewa vidonge vya metronidazoli pamoja na krimu ya klindamisini ya kupaka uumeni kwa siku 7. Ndani ya wiki 12 BV iliwarudia asilimia 35 ya wake zao, wakati kwa wanawake waliotibiwa peke yao ilirudi kwa asilimia 63. Ulihusu wapenzi walio na mtu mmoja tu, na hilo likumbukwe unapomwonyesha mumeo.

Kwa fangasi inayorudi, rudi kwenye kuotesha na sukari. Kwa trikomonasi, pima tena miezi 3 baada ya dawa hata kama unajisikia vizuri. Lakini kipimo cha vinasaba usikifanye kabla ya wiki 3 kupita, kwa kuwa mabaki ya vimelea vilivyokufa bado yatasomeka. Mashine itasema "ipo", mume na mke watagombana usiku kucha, na kimelea chenyewe kilishakufa siku nyingi.